Kurudisha mikoko: maji kwanza, miche baadaye

Kabla ya kuokota mbegu hata moja, nendeni mkasimame pale mnapotaka kupanda siku ya bamvu, yaani siku bahari inapojaa na kukupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamejaa, kisha mrudi saa sita baadaye yakiwa yamekupwa. Tazameni yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na wapi yanabaki yamesimama. Siku hiyo moja itawafundisha mengi kuliko kupanda miche elfu kumi na kuihesabu ikifa.

Mkoko ni mti unaojipanda wenyewe. Mbegu yake mara nyingi huanguka ikiwa imeshaota, huelea, hubebwa na maji, hukwama kwenye tope na kushika. Kama mahali pana miti mikubwa jirani na bado hapaoti kitu, basi kuna kizuizi: maji hayafiki, au yakifika hayatoki, au yanafika mara nyingi mno, au kuna mtu anakata, au mbuzi wanakula. Kupanda bila kuondoa kizuizi hicho ni kukipelekea miche ya kuua. Ufilipino ililipa ghali kulijua hili. Miradi mikubwa ya miongo kadhaa iliishia na miche hai asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa kupanda chini mno, kwenye tope tupu la mbele ambako mikoko haikuwahi kuota. Kwa nini huko? Kwa sababu huko hakuna mwenyewe wa kugombana naye. Kosa hilo hufanyika kwetu pia, hasa pale panapotafutwa eneo wazi la kupigia picha.

Mahali pana mwenyewe

Mikoko ni msitu wa hifadhi hata ikiota nyuma ya jiko lako. Kenya mikoko ilitangazwa hifadhi tangu 1932 na leo iko chini ya KFS, shirika la misitu la nchi hiyo. Kikundi hupitia chama cha jamii cha misitu, yaani CFA, kwa sheria ya misitu ya 2016. Tanzania Bara mwenye mamlaka ni TFS, wakala wa misitu wa serikali, pamoja na serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Zanzibar ni idara ya misitu, kupitia sheha na kamati ya hifadhi. Ruhusa iwe barua, nayo itaje mipaka ya eneo, kazi zitakazofanyika, na kwamba mnaruhusiwa kuokota mbegu. Mkikusudia kuchimba mfereji au kubomoa tuta, ulizeni mapema habari ya kibali cha mazingira. Tuta la zamani la chumvi linaweza kuonekana limetupwa, kumbe lina leseni hai ya mtu anayeishi mjini.

Kikao cha kwanza kisiwe cha wapenda mikoko peke yao. Waiteni wanaoitumia: wakata fito na boriti, akina mama waokota chaza na kuni, wavuvi wa kaa, wafugaji, wafuga nyuki, wenye mashamba ya chumvi. Mkimwacha nje mkata boriti, mtakutana naye usiku na shoka. Mwulizeni atapata wapi fito za mwaka huu eneo hili likifungwa, na jibu liandikwe kabla ya mche wa kwanza.

Wazee nao waulizeni maswali matatu. Zamani maji ya bamvu yaliishia wapi? Mtumbwi uliingia mpaka wapi? Kilianza kufa nini, na mwaka gani? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Katika hori (mkono wa bahari unaoingia bara) la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa kwa eneo kubwa. Mahali pa namna hiyo ardhi imeinuka, kwa hiyo mti uliokuwapo zamani huenda si mti wa kupanda leo. Delta ya Rufiji habari ni nyingine: mikoko ilifyekwa kulima mpunga, shamba likaachwa baada ya miaka michache, na kilichobaki kinazuia miche ni majani marefu na mitambaazi. Huko panga hutangulia, na halitoki mkononi mpaka miche ipite juu ya majani.

Kupima urefu wa ardhi kwa bahari yenyewe

Mwambao wa Kenya na Tanzania bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4 wakati wa bamvu. Mikoko huishi nusu ya juu tu ya kipimo hicho, tangu usawa wa katikati wa bahari mpaka pale bamvu kubwa linapoishia. Ndani ya ukanda huo, sentimita 20 za urefu wa ardhi zinatosha kubadilisha aina ya mti, na macho hayazioni sentimita 20 kwenye tope la mita mia mbili.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni bahari. Chagueni siku isiyo na upepo, maji ya kujaa yanayofika eneo lote. Kateni fito nane au kumi za mita 2, mzitie alama kila sentimita 5 kwa rangi. Kila mtu asimame mahali pake na fito yake: wawili ndani ya msitu mzima ulio jirani, mmoja kwenye mti wa mbele kabisa na mwingine kwenye wa nyuma kabisa, waliobaki watawanyike kwenye eneo tupu. Maji yakituama, kabla hayajaanza kurudi, mmoja apige filimbi na wote wasome kina kwa wakati mmoja. Uso wa maji uko sawa kila mahali, hivyo penye kina kikubwa ndipo ardhi iko chini. Ukisoma sentimita 90 kwenye mkoko wa mbele kabisa wa msitu mzima na sentimita 125 kwenye eneo lenu, eneo lenu liko sentimita 35 chini ya mahali mkoko unapokubali kuishi. Hapo hakuna mbolea wala maombi yatakayosaidia. Tafuteni pengine.

Kama maji hayafiki eneo lote kwa pamoja, tumieni mpira wa maji wa fundi mwashi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, uliojazwa maji yenye rangi kidogo (chai ya rangi inatosha) na usio na mapovu hata moja. Povu moja likibaki ndani kipimo kinadanganya, na hamtajua. Ncha moja ifungwe kwenye ubao wenye alama mahali panapojulikana, nyingine isogezwe. Hesabu ni ile ile: namba kubwa, ardhi ya chini.

Kujua maji yanafika mara ngapi kwa mwezi, simikeni mti wa mita mbili na mfunge vichupa vidogo kila sentimita 10, vikiwa vimefunikwa na kutobolewa tundu ubavuni ili mvua isivijaze. Kila siku baada ya kujaa angalieni kichupa cha juu kabisa kilichoingia maji, andikeni, vimwageni vyote. Wiki nne zinawapa mizunguko miwili kamili ya bamvu na maji mafu, yaani siku bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. Jedwali la maji la bandari litawasaidia kujua siku, ila halijui tope lenu.

Mkiwa hapo, chimbeni mashimo machache ya sentimita 30. Tope jeusi linalonuka yai viza mpaka juu kabisa linasema maji yamesimama muda mrefu. Ganda jeupe la chumvi juu ya ardhi ngumu linasema bamvu linafika mara chache na jua linamaliza kazi. Hali zote mbili dawa yake ni jembe, na miche ingoje.

Kuyafungulia maji

Pale tuta la chumvi, bwawa la kamba au barabara ilipokata mkondo, kazi kubwa ni kuurudisha mkondo. Tafuteni njia ya zamani. Kwenye picha za setelaiti za simu huonekana kama mshipa mweusi unaokatika ghafla kwenye tuta. Bomoeni hapo hapo. Mahali panapoonekana rahisi kuchimba hapana maana kama maji hayakupita pale zamani, na mfereji ulionyooka kama uzi hujaa mchanga au hukatika kingo.

Tundu lishuke mpaka usawa wa sakafu ya mkondo wa zamani. Hili hukosewa sana. Watu huchimba kijidirisha juu ya tuta, maji ya bamvu yakaingia, yakashindwa kutoka, na eneo likawa dimbwi lenye chumvi kuliko lilivyokuwa. Maji yaliyoingia lazima yatoke yote kabla ya kujaa kwingine. Tundu likiwa jembamba mno kwa eneo kubwa, maji yatapita kwa kasi na kung'oa kingo. Afadhali matundu mawili au matatu ya wastani.

Anzeni kuchimba kutoka ndani kuelekea baharini, mkiacha kizibo cha mita moja au mbili mdomoni, ili mfanye kazi kwenye kavu. Kizibo kiondolewe mwisho, wakati wa maji mafu, yakiwa yamekupwa kabisa. Kingo zilale, zisisimame wima. Udongo uliotoka usirundikwe kando ya mfereji, kwa kuwa hapo mmejenga tuta jipya kwa mikono yenu: utawanyeni usizidi kiganja kimoja unene, au mjaze nao shimo lililochimbwa zamani. Kwenye barabara, kalavati liwekwe chini, sakafu yake ikilingana na mkondo, vinginevyo litakuwa kizingiti.

Kisha ngojeni. Msimu mmoja kamili wa mbegu upite. Hapo ndipo vikundi hukosa subira, hasa penye mfadhili anayetaka idadi ya miche ifikapo Desemba. Mwambieni mapema kwamba kipimo ni miti hai baada ya miaka mitatu, na iingie kwenye mkataba.

Baada ya msimu, pigeni miraba ya mita 10 kwa 10 sehemu kadhaa na mhesabu miche iliyojiotea. Mkipata 25 au zaidi katika kila mraba, hiyo ni 2,500 kwa hekta, sawa na kupanda kwa nafasi ya mita mbili. Pesa ya kitalu itunzeni kwa ulinzi. Ikiwa miraba ni mitupu na maji yanaingia na kutoka vizuri, basi mbegu haifiki, na sasa kupanda kuna sababu.

Mti upi, wapi

Majina hubadilika kutoka Lamu hadi Mtwara, basi tupatane. Mlilana (wengine husema mpia) ndiye wa mbele kabisa, mizizi yake imesimama kama pembe nene. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye miguu ya kuegemea, Rhizophora mucronata kwa jina la kitaalamu. Hufuata msinzi, au muia, wenye magoti, na mkandaa unaopenda pakavu kidogo. Mchu una sehemu mbili: mrefu mbele karibu na mlilana, na mfupi nyuma kabisa kwenye chumvi kali, ambako wenziwe hawafiki. Mkomafi na msikundazi hupenda maji matamu yanayotoka mtoni. Pwani yenu inaweza kupinda utaratibu huu. Msitu mzima ulio jirani ndio mwalimu, na zile namba za fito ndizo zinazosema kila mti unasimama usawa gani.

Vikundi vingi hupanda mkoko tu, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, nyepesi kubeba, haihitaji kitalu na inapendeza pichani. Ukiupanda mbele mahali pa mlilana unapigwa na mawimbi. Ukiupanda nyuma mahali pa mchu unakaushwa. Penye chumvi kali anzeni na mchu. Ukishika na kuleta kivuli, wengine hufuata wenyewe.

Mbegu

Mbegu nyingi hukomaa masika, kati ya Machi na Juni, ila kila hori lina tabia yake, kwa hiyo kagueni miti kuanzia Februari. Mkoko umekomaa ukiona shingo ya rangi ya manjano kati ya kofia na mbegu. Bila shingo hiyo, mbegu bado ni mtoto na itaoza. Mbegu nzuri ya mkoko ina sentimita 40 hadi 60, ya mkandaa kama 25 na ina mistari iliyochongoka, ya msinzi ni fupi na nene. Itikiseni miti au mziokote zilizoanguka usiku huo. Zilizokaa chini siku nyingi huwa zimetobolewa na wadudu. Tazameni kila moja ubavuni: tundu dogo kama la sindano lina mdudu ndani. Tupeni.

Kofia isivutwe kwa nguvu. Chini yake kuna chipukizi, na ikinyofoka mbegu haina tena kichwa. Iacheni ianguke yenyewe.

Hifadhini kwenye kivuli chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Mkoko huvumilia wiki moja hadi mbili. Siku tano hadi saba kivulini zina faida nyingine: mbegu hulegea kidogo na kaa huipenda kidogo kuliko iliyotoka mtini leo. Mchu hausubiri. Loweka mbegu zake usiku mmoja kwenye ndoo ya maji, ganda litoke, kisha panda ndani ya siku mbili tatu. Mlilana una kazi zaidi: loweka matunda yaliyoiva mpaka yalainike, yaminye, osha vijimbegu, vimwage juu ya kijitanda cha tope laini, na miche ikiwa na majani manne ihamishie kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea.

Okoteni robo zaidi ya mnachohitaji. Hekta moja kwa nafasi ya mita 1 inameza 10,000, kwa mita 1.5 kama 4,400, kwa mita 2 ni 2,500. Mita 1 inafaa panapopigwa na maji, ili miche ikingane. Kwingineko mita 1.5 au 2 inatosha kabisa.

Kitalu, kama kinahitajika

Mkoko, msinzi na mkandaa hupandwa moja kwa moja tope likiwa laini na kaa wakiwa wachache. Mchu, mlilana na mkomafi, na sehemu yoyote yenye kaa wengi au mawimbi, zinataka kitalu. Kiwe pale bamvu linapofika siku kadhaa kila wiki mbili. Siku nyingine mtamwagia maji ya hori. Kitalu cha nchi kavu chenye maji ya bomba hutoa miche mizuri ya kutazama inayokufa wiki ya kwanza ikionja chumvi.

Kitanda cha mita 1 kwa 10 kinachukua viriba 1,000 vya sentimita 15 kwa 23 vikipimwa bado bapa. Kuvijaza kunataka ndoo kama 70 za lita 20, tope sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Tobozeni viriba chini na ubavuni. Kivuli cha makuti kiwe juu, mita moja na nusu, kisichofunika kabisa. Kila mwezi nyanyueni viriba na kuvisogeza ili mizizi isishike chini. Mwezi wa mwisho punguzeni makuti taratibu mpaka yaishe, miche izoee jua. Mchu huwa tayari baada ya miezi mitatu minne, mkoko minne hadi sita.

Siku ya kupanda

Pandeni bamvu likiwa limekwisha na maji yakianza kuwa mafu. Hapo mche hupata siku nyingi za maji madogo ya kushikia mizizi kabla bamvu lingine halijaupima. Sehemu za juu, mahali pa mkandaa na mchu wa nyuma, hali ni kinyume kidogo: huko maji mafu ni ukame, kwa hiyo ngojeni mvua iwe imekolea. Msimu wa kusi ukiwa umepamba moto, epukeni fukwe zinazoangalia bahari kuu.

Maji yakikupwa mna saa tatu hadi nne. Ingieni yakiwa bado yanarudi, tokeni yakigeuka. Viatu viwe vya kufunga, maana kombe hukata kama wembe, na mlango wa mto kama Rufiji una mamba. Mmoja abaki anatazama maji tu.

Mbegu ya mkoko huchomekwa ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi ya urefu wake, ikisimama wima. Inachekesha mpaka umekuta safu nzima imepandwa kichwa chini, na wageni wa siku moja ndio wanaofanya hivyo, kwa hiyo kila mgeni awe na mwenyeji. Tope likiwa gumu toboa kwanza kwa kijiti. Ukilazimisha unavunja ncha, na mzizi hutokea hapo hapo. Usiifunge kwenye kijiti cha kuegemea, kwa kuwa kila wimbi litaisugua ganda mpaka libanduke.

Mche wa kiriba: chimba shimo refu kidogo kuliko kiriba, chana kiriba, toa bila kuvunja donge, zika mpaka usawa wa shingo ya mche na si juu yake, bana tope kwa mguu. Kiriba kirudi. Vilivyotoka kitaluni vihesabiwe na vilivyorudi vihesabiwe, namba zilingane, la sivyo mmeupanda msitu wa nailoni. Acheni njia za maji na njia za watu wazi. Wavuvi wa kaa watapita tu, basi wapite pasipo na miche. Majani ya bahari yasiguswe kabisa, maana nayo ni shamba la samaki.

Kinachoua na namna ya kukitambua

Mche ukikatwa pande mbili safi karibu na ardhi, ni kaa. Tumieni miche mikubwa zaidi ya kitalu, au zungusheni ubao wa mwanzi uliopasuliwa. Majani yakiliwa juu na shina likibaki ni mbuzi, ng'ombe au ngamia, na hiyo ni kazi ya kikao wala si ya dawa. Miche iliyolala yote upande mmoja ina mwani au takataka zilizojiviringisha, au imepigwa na mawimbi. Ya kwanza husafishwa kwa mkono kila wiki, ya pili inasema mahali ni pa wazi mno.

Shina likianza kufunikwa na vile vikombe vigumu vyeupe vinavyoganda tumboni mwa dau, mche umekaa ndani ya maji muda mrefu kila siku. Kuvikwangua kunabandua na ganda la mche. Rudini kwenye namba za fito: karibu kila mara mmepanda chini mno. Majani yakigeuka manjano na ncha kukauka miezi ya jua, ni chumvi, na maji hayafiki vya kutosha. Mche mzima ukipotea bila alama, maji yameuchukua au mchanga umeufukia. Chimbua kidogo ujue kipi.

Ufuko unaoliwa na bahari ni jambo zito zaidi. Huko Demak, kisiwani Java nchini Indonesia, wanavijiji walijenga nyua za vijiti zinazopitisha maji na kukamata tope, ili ardhi inyanyuke kwanza na mikoko ijiotee. Fikra ni nzuri, ila mdudu atobowaye mbao za vyombo alizila nyua zile na zikahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Msianze uzio wa namna hiyo kama hakuna wa kuutengeneza mwaka wa pili na wa tatu.

Kuhesabu

Tieni vigingi kwenye miraba mitano au sita ya mita 10 kwa 10, muhesabu mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka mpaka wa tano. Andikeni iliyo hai, urefu wa kumi kati yake, majani, na iliyojiotea katika safu yake peke yake. Picha ipigwe kutoka kigingi kile kile, upande ule ule. Miche hai gawanya kwa iliyopandwa, zidisha kwa 100, na namba ikiwa mbaya iandikwe hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu ikiwa imebaki chini ya nusu, msijazie. Sababu iliyoua ya kwanza iko pale pale. Ikiwa imebaki robo tatu au zaidi, jazieni mapengo msimu unaofuata kwa mbegu za hori lile lile.

Daftari hilo lina thamani nyingine. Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani ukilipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, kwa hekta 117 tu, na fedha zikaingia kwenye maji ya kijiji na shule; Vanga wakafuata na eneo kubwa zaidi. Ni kazi ndefu inayotaka wataalamu na vipimo vya miaka, na sehemu kubwa ya kinacholipwa ni msitu uliosimama unaolindwa. Kikundi cha hekta mbili kisiahidi watu pesa hiyo.

Mwaka wa tano hadi wa saba, mkoko uliopandwa kwa mita moja unaanza kusongana na ile mikonda inayoinama inakufa yenyewe. Ombeni kibali mpunguze hiyo kwanza, muitoe kama fito kwa wale waliokaa kikao cha kwanza kwa utaratibu mlioandika, na mkiwa mnapita humo angalieni chini: mche wa msinzi au mkandaa ambao hakuna aliyeupanda usikatwe, utieni alama kwa kitambaa na muuingize kwenye daftari.